Katibu Asiye na Sahihi

Hotuba ya idara yetu ya mafunzo kwa viongozi wa matawi ya vyama vya walimu, wauguzi na maafisa ugani, iliyotolewa Mbinga mjini mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili.





Tumeombwa tuzungumzie akili mnemba, yaani ile programu inayotunga barua, taarifa na majibu ya maswali kana kwamba ni mtu anayeandika. Ilianza kufahamika kwa watu wengi baada ya ChatGPT kutolewa mwezi Novemba 2022, na leo imo katika simu za baadhi yenu humu ukumbini. Hatukuja kuilaani. Sisi wenyewe tunaitumia ofisini kunyoosha Kiingereza chetu kabla ya kutuma barua nje. Tumekuja kusema habari ya mihtasari ya vikao, na kosa ambalo mkono wetu umo.

Mwaka jana tuliendesha semina ya siku 2 kwa makatibu. Tuliwaonyesha namna ya kuingiza madondoo ya kikao kwenye simu na kupata muhtasari safi kwa dakika chache. Watu walifurahi, na sisi tukaandika katika taarifa yetu kwamba semina imefanikiwa.

Muda si mrefu, tawi moja la mwambao lilikaa kujadili ada ya mfuko wa rambirambi, kama ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 5,000 kwa mwezi. Wanachama walibishana sana. Kisha mvua ikaanza, bati likapiga kelele hata watu hawasikilizani, kikao kikaahirishwa bila uamuzi. Katibu alikuwa ameandika hivi: ada ya rambirambi, 2,000 hadi 5,000, majadiliano. Jioni akaingiza madondoo hayo kwenye simu. Muhtasari uliotoka ulisema kwamba baada ya majadiliano ya kina, wajumbe waliazimia kwa kauli moja ada iwe shilingi 5,000. Katibu alipitisha macho haraka akasaini. Mwenyekiti naye akasaini, maana karatasi ilipendeza.

Mweka hazina akaanza kudai. Katika kikao kilichofuata mama mmoja mtu mzima alisimama akasema, "Mimi nilikuwepo. Hatukuazimia." Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Wanachama 11 walijitoa, na katibu akaitwa mwizi mbele ya watoto wake, ilhali hakuchukua hata senti moja. Tulikwenda huko mara 3 kusuluhisha. Wanachama 4 hawajarudi hadi leo.

Kwa nini mashine iliandika vile? Si kwamba ilikusudia kudanganya. Imejifunza kutokana na maandishi mengi mno, nayo hukisia maneno yanayoelekea kufuata. Mihtasari mingi hufika mahali pa kusema "wajumbe waliazimia", basi nayo ikaazimia. Mvua ya siku ile haikuijua.

Mambo haya hayakutokea Nyasa peke yake. Mwaka 2023 huko New York mawakili 2 walipeleka mahakamani maandishi yaliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Mahakama iliwatoza faini ya dola 5,000. Julai 2024 chama cha wanasheria wa Marekani, American Bar Association, kilitoa mwongozo kwa wanachama wake: tumia ukitaka, lakini hakiki kazi yako, linda siri za mteja, na uwajibikaji unabaki kwako. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha kitaaluma. Matawi yenu yanaweza kuifanya kwa ukurasa mmoja tu, bila kusubiri makao makuu.

Sasa tuje kwenu viongozi, na mtuwie radhi tukisema wazi. Mwalimu kijana anauliza: simu inanisaidia andalio la somo, inanifafanulia waraka, inaniandikia barua ya kuomba uhamisho, makato ya chama kila mwezi ni ya nini? Swali hilo ni la haki. Zamani waraka ulishuka na meli ya MV Songea hadi Mbamba Bay, na aliyekuwa nao ndiye aliyekuwa kiongozi. Ulichelewa, lakini ulikuwa na muhuri. Leo habari zinaingia kila upande, na kiongozi ambaye heshima yake ilitokana na kukalia waraka atatikisika. Pengine si hasara kubwa.

Lakini mwanachama akituhumiwa kazini, simu haitamsindikiza kwa mwajiri. Haitakaa kando yake mbele ya kamati ya nidhamu. Na ikimpa ushauri mbaya, hakuna wa kumwita kikaoni ajieleze. Katibu anayeacha kutembelea wanachama kwa sababu sasa anatuma majibu marefu na mazuri kwenye kundi la simu anatupa kile ambacho mashine haina. Tena tukumbuke kwamba wengine wana vitochi tu. Hao hawaoni majibu hayo kabisa, na mara nyingi ndio wanachama wa siku nyingi zaidi.

Mbinga tunajua gharama ya imani kupotea. Wakulima wetu wa kahawa hawajasahau jinsi chama kikuu cha ushirika, MBICU, kilivyoanguka miaka ya 1990. Ule ulikuwa ushirika, si chama cha kitaaluma, na wakati ule hapakuwa na akili mnemba ya kusingizia.

Jambo jingine ni daftari la wanachama. Tumeona makatibu wakiingiza majina, namba za simu, cheki namba na hata habari za ugonjwa wa mwanachama anayeomba msaada, ili wapangiwe orodha. Habari hizo zinakwenda kwenye kompyuta za kampuni za nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inavihusu vyama pia. Ondoeni majina kwanza. Habari za ugonjwa zisiingizwe kabisa.

Kwa wafadhili wetu tuna neno fupi. Taarifa zinazowafikia sasa ni nzuri kuliko zamani, zetu zikiwemo, lakini uzuri wa lugha hauonyeshi tena kama kazi ilifanyika. Ombeni orodha ya mahudhurio yenye sahihi, stakabadhi, na nakala ya muhtasari ulioandikwa kwa mkono, hata kama una madoa ya chai. Kamati za parokia nazo zifanye vivyo hivyo kwa vikundi vinavyoleta maombi.

Sisi tumebadilisha mafunzo yetu. Maazimio yanaandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku palepale kikaoni, yanasomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na wanachama wawili wanasaini pamoja na katibu. Kama hakuna azimio, iandikwe kwamba hakuna azimio. Baada ya hapo anayetaka kunyoosha lugha kwa simu anyooshe, kisha alinganishe mstari kwa mstari na daftari.

Katibu tuliyemsimulia yumo humu ukumbini, na ametupa ruhusa. Bado ni katibu. Tawi lake lilimchagua tena, kwa kura za kuhesabu mikono. Mchana atatuonyesha kaunta buku lake jipya. Semina ya makatibu itarudiwa bila malipo kwa wote waliohudhuria ile ya kwanza, kwa kuwa tunawadai radhi. Njooni na kalamu.