Harara Iliyo Chini ya Nyayo Zetu

Katika mwaka wa 1970 Warusi walianza kutoboa shimo katika rasi ya Kola, kaskazini kabisa ya nchi yao, shimo lenye upana wa kiasi cha shibiri moja tu, wakalishughulikia mwaka baada ya mwaka hata ilipofika 1989 wakawa wameshuka mita 12,262. Na huko chini walikuta harara ya digrii 180, ilhali hesabu zao ziliwapa kutarajia 100, na mwamba umekuwa mlaini hata haukubali tena kuchimbwa. Kazi hiyo adhimu haikulipenya hata ganda la juu la ardhi, na hadi kitovuni zilisalia kilomita zaidi ya 6,300.

Tuyajuayo ya chini zaidi tumeyapata kwa zilzala. Ardhi itikisikapo, mawimbi yake husafiri tumboni mwake, yakipinda, yakienda mbio au yakirudi nyuma kwa kadiri ya asili ya kile yanachopita. Na kwa kuwa iko aina ya mawimbi yasiyopita katika kitu cha majimaji, nayo hukomea kwenye kina cha kilomita 2,900, wanazuoni walipata yakini kwamba kutoka hapo huanza kiini cha ardhi, bahari ya chuma kilichoyeyuka. Juu ya bahari hiyo, kinyume cha dhana ya wengi, hakuna moto uwakao, bali mwamba yabisi, wenye joto kali, unaojongea polepole mno.

Tarehe 17 Juni 1929 zilzala kubwa iliipiga New Zealand, na vyombo vya upande wa pili wa dunia vikaandika mitikisiko dhaifu mahali ambapo, kwa elimu ya wakati ule, haikupasa kufika. Wengine walisema ni mawimbi yaliyopinda tu pembezoni mwa kiini. Bibi Inge Lehmann, mwanazuoni wa zilzala wa Denmark, hakuridhika. Jamaa yake mmoja alisimulia jinsi alivyomwona bustanini, meza imejaa visanduku vya karatasi vya nafaka ya oti, na ndani yake kadi zilizoandikwa saa za mitikisiko, akizilinganisha moja moja; na mwaka 1936 akatangaza kwamba ndani ya kile chuma cha majimaji mna kiini kingine, ambacho baadaye kilithibitika kuwa yabisi. Naona ni dhuluma kwamba watoto wetu humaliza shule bila kulisikia jina lake.

Joto la kiini hicho hukisiwa kupita digrii 5,000, karibu sawa na la uso wa jua, na lau si uzito wa ardhi nzima unaokigandamiza, kingeyeyuka. Baadhi ya harara ya tumbo la ardhi ni baki ya kuumbwa kwa sayari yetu, yapata miaka milioni 4,500 iliyopita, na nyingine huzalishwa hata sasa na urani, thori na potasi zinazochakaa miambani. Nayo ndiyo inayosaidia kukisukasuka kile chuma cha majimaji, ikazuka sumaku iliyowaongoza manahodha wetu kwa dira.

Katika Bonde la Ufa, ambako ganda la ardhi limevutika na kuwa jembamba, harara hupanda karibu nasi. Tangu 1981 mvuke wake huzungusha mitambo huko Olkaria, jirani na Naivasha, na nyinyi mnaonisikiliza usiku huu mkiwa Kenya, sehemu ya umeme unaowawashia taa imetoka huko.