Meza ya Seremala kwa Nyumba Ndogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira. Yachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Niliombwa niseme juu ya kazi ya mikono ambayo mfanya kazi aweza kuifanya nyumbani kwake. Nimechagua useremala, na katika useremala nimechagua jambo moja tu, yaani meza ya kufanyia kazi. Mtu aweza kuwa na msumeno mkali na randa nzuri, lakini akipiga randa juu ya kiti au juu ya kitanda, ubao wake utatoka umepinda.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili latuhusu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikupanda milima yetu ya Gusii. Kwa hiyo sisi twaifuata kazi huko iliko, na wengi wetu twaishi katika chumba kimoja. Tena twajua kwamba mshahara si wa milele. Mwaka 2006, uendeshaji wa reli ulipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, wenzetu wengi waliachishwa kazi. Mwaka 2017 mkataba ule nao ukavunjwa. Mtu aliyerudi nyumbani akiwa na ufundi mkononi alipata pa kuanzia.

Lakini hata nyumbani mahali ni padogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kisii watu wapita 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na katika Nyamira wapita 600. Shamba la babu limegawanywa kwa baba, la baba limegawanywa kwa wana. Nani kati yetu ana nafasi ya kujenga karakana? Kufanya kazi nje chini ya mti nako hakufai, kwa maana kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi huja alasiri, saa ile ile mtu apatayo nafasi ya kushika randa.

Basi twahitaji meza imara wakati wa kazi, nayo iondoke njiani wakati wa kula na kulala. Meza hiyo ni ile inayoning'inia ukutani. Ikikunjwa hutokeza inchi 6 tu.

Mbao. Nunueni saiprasi ya inchi 4 kwa 2, futi 42, na ya inchi 2 kwa 2, futi 22. Saiprasi ni nyepesi na hairuki ovyo. Mkaratusi tunao tele mashambani, lakini ni mzito, na ukikauka hupasuka na kujipinda. Msitumie mbao mbichi. Zipangeni chini ya paa, mkiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Pimeni kipande kimoja kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, zimekauka.

Kimo. Simama wima, mikono ikining'inia. Uso wa meza uwe sawa na kifundo cha mkono wako. Kwa watu wengi ni kama inchi 33. Meza ikiwa juu mno, mabega huchoka kwa kupiga randa. Ikiwa chini mno, ni mgongo.

Ukutani. Simamisheni nguzo 2 za 4 kwa 2, zikiegemea ukuta kwa ubapa, kila moja yenye urefu wa inchi 31, na kati yake na mwisho wa meza paachwe inchi 6. Juu ya nguzo hizo lazeni ubao mmoja wa futi 5 bapa, kama rafu. Kwa ukuta wa matofali, kazeni kwa bolti ndefu. Kwa ukuta wa udongo, bolti pekee haishiki. Chimbieni nguzo futi 2 chini (ongezeni futi 4 za mbao), kisha wekeni ubao mwingine upande wa nje na kupitisha bolti, ukuta ukae katikati kama umebanwa na jiriwa.

Uso wa meza. Chukueni mbao 5 za futi 5, zipigwe randa ubavuni, zigundishwe pamoja. Mtapata uso wenye upana wa karibu inchi 20, na uzito wa kama kilo 20, ambao mtu mmoja aweza kuuinua. Chini yake kazeni kwa skrubu vipande 3 vya kukingama vya inchi 16, viwili kwenye miisho na kimoja katikati. Vyote visogee mbele, mbali na ukuta. Kisha ungeni uso huu na ile rafu kwa bawaba 3 nene, zikae upande wa chini, mbili karibu na miisho na moja katikati.

Miguu. Msifanye miguu ya kawaida. Tengenezeni malango 2 madogo ya mbao za 2 kwa 2, kila lango upana wa inchi 18, na kimo kipungue kidogo kuliko inchi 31, ili lipite chini ya meza bila kukwaruza. Kila lango lifungwe kwa bawaba kwenye uso wa nguzo yake. Mkitaka kufanya kazi, mwainua uso, mwayafungua malango, nayo yasimama sakafuni na kuubeba uso. Ile nafasi ndogo inayobaki juu, pigeni kabari. Kazi ikiisha, malango yarudi ndani yakielekeana, na uso washuka kuyafunika.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Kila lango liwe na mbao moja ya mshazari, kutoka pembe hata pembe. Lango lisilo na mshazari hulegea kwa juma moja. Na nguvu yote ya meza hii yatoka ukutani. Seremala mwenye karakana hutengeneza meza nzito ili isiteleze anapopiga randa. Sisi hatuna nafasi ya uzito huo, kwa hiyo twaazima uzito wa nyumba yenyewe.

Kubania kazi. Jiriwa ya chuma ni ghali, nayo yaweza kungoja. Toboeni matundu machache karibu na ukingo wa mbele, na kuchonga vigingi vigumu vya kuyaingia. Kigingi kimoja chazuia ubao usikimbie mbele ya randa. Vigingi viwili na kabari vyabana ubao kama jiriwa. Vigingi vikitolewa, meza hiyo hiyo yatosha kwa cherehani ya mama, kwa kupiga pasi, na kwa watoto kuandika masomo yao ya jioni.

Ndugu zangu, sasa nina maonyo mawili.

La kwanza, mtu asitamani taruma kuukuu la mbao lililolala kando ya njia. Mataruma ya mbao hutiwa mafuta ya krisoti, na mafuta hayo ni sumu. Hayafai ndani ya nyumba wanamolala watoto. Na zaidi ya hayo, mali ya reli ni mali ya umma. Ukikutwa nayo, kazi imekwenda, na chama hakitakuwa na neno la kukutetea.

La pili ni juu ya bei. Kuna mafundi Keroka, Suneka, Ogembo na Nyansiongo ambao hawana mshahara mwingine. Mtu wa reli akiuza kiti kwa bei ya mbao tu, kwa sababu tumbo lake limeshiba mshahara, amemnyang'anya mwenzake chakula. Sisi hukasirika mwajiri akileta watu wa kufanya kazi yetu kwa ujira mdogo. Basi tusifanye vivyo hivyo kwa fundi jirani. Hesabu mbao, gundi, misumari na saa zako, ndipo utaje bei.

Nashauri wanachama wanne au watano wanunue mbao pamoja, wazikaushe pamoja, na kusaidiana kufunga meza moja moja mpaka kila mtu awe na yake. Kuinua uso ule na kuushika wakati wa kutia bawaba kwataka watu wawili. Na mwenye keekee amwazime asiye nayo.

Haya si maneno ya kumwambia mtu aache kudai haki yake kazini. Madai ya mshahara na ya malipo ya uzeeni yako palepale, na chama kitayafuata. Lakini mtu anayejua kwamba nyumbani kwake kuna kazi inayomngoja husimama mbele ya bwana mkubwa bila kutetemeka.

Mwenye swali na aulize.