Mabadiliko ya Jeni na Hatari ya Damu Kuganda katika Maradhi Sugu ya Uboho

Miongoni mwa maradhi sugu ya damu yapo matatu ambayo daktari wa Marekani, William Dameshek, aliyaweka katika kundi moja na mengine yanayofanana nayo mwaka 1951, kwa kuwa yote huanzia katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa unaozalisha chembe za damu. Polisithemia vera huzidisha hasa chembe nyekundu. Thrombosaithemia huzidisha chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba jeraha. Na mailofaibrosisi hatimaye huujaza uboho nyuzi za kovu. Wengi huishi na maradhi haya kwa miaka mingi, na tishio kubwa katika miaka hiyo ni bonge la damu linaloziba mshipa wa ubongo, wa moyo, wa mguu au wa ini.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba damu ya wagonjwa hawa huganda kwa sababu tu imejaa chembe. Kwa chembe nyekundu dhana hiyo ina ukweli: utafiti uliofanywa Italia kwa wagonjwa 365 wa polisithemia vera na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa pamoja na mabonge makubwa vilitokea kwa asilimia 2.7 ya wale ambao hematokriti yao, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ilidhibitiwa chini ya asilimia 45, na kwa asilimia 9.8 ya wale walioachwa kati ya 45 na 50. Chembe sahani, hata hivyo, huivuruga hesabu hiyo, kwani zinapozidi milioni moja katika mikrolita ya damu mgonjwa anaweza hata kuvuja damu, kwa kuwa wingi huo humaliza protini moja inayozisaidia kunata.

Ufafanuzi ulianza kupatikana mwaka 2005, pale makundi manne ya watafiti, yakiwemo ya Paris na Cambridge, yalipogundua kasoro katika jeni ya JAK2 iliyo kwenye kromosomu ya 9. Herufi moja tu ya jeni hubadilika, asidi amino ya 617 katika protini ikawa nyingine, na kimeng'enya kilichopaswa kungoja amri ya homoni kikabaki kikifanya kazi bila kuamriwa. Kasoro hiyo hutokea katika seli ya uboho wakati wa uhai wa mtu, kwa hiyo mgonjwa hawarithishi wanawe. Huonekana kwa takriban asilimia 95 ya wenye polisithemia vera na kwa zaidi ya nusu ya wenye maradhi yale mengine mawili.

Mwaka 2013 iligunduliwa kasoro nyingine, ya jeni ya CALR, na hapo ndipo dhana ya wingi ilipopata pigo: katika thrombosaithemia, wenye CALR huwa na chembe sahani nyingi kuliko wenye JAK2, na bado damu yao huganda mara chache zaidi. CALR huchochea hasa seli mama za chembe sahani, ilhali JAK2 huzigusa pia chembe nyeupe, nazo zikichokozeka hutema nyuzi za vinasaba vyake zinazonasa chembe sahani kama jarife linavyonasa samaki. Kwa hiyo aina ya chembe yafaa ipewe uzito kuliko idadi yake, na ndiyo maana JAK2 sasa huhesabiwa pamoja na umri wa zaidi ya miaka 60, bonge la awali, shinikizo la damu, kisukari na tumbaku.

Tiba yenyewe si ngeni: aspirini kidogo, kupunguza damu kwa kuitoa mshipani, na haidroksiyurea, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa selimundu Afrika Mashariki. Kigumu ni kuugundua ugonjwa mapema. Mwasho unaoanza baada ya kuoga maji ya moto, au nyayo zinazowaka na kuwa nyekundu kisha zikatulizwa na aspirini, huchukuliwa kirahisi kuwa mzio. Baya zaidi, bengu lililovimba huweza kuzificha chembe zilizozidi, hata kipimo cha damu kikaonekana cha kawaida. Daktari anayekuta bonge katika vena za ini lisilo na sababu inayojulikana na aagize kipimo cha JAK2, hata kama idadi ya chembe haimtii shaka.