Chuo Kikuu na Lugha ya Jamii: Deni la Taaluma ya Kiswahili kwa Unyamwezi

Utangulizi



Elimu ya juu inapopelekwa mikoani, swali la kwanza huwa la majengo, la pili la walimu na la tatu la fedha. Swali la lugha huja mwisho, na pengine halifiki kabisa. Mhadhara huu unalitanguliza kwa kutumia mfano wa Tabora. Hoja yake ni kwamba chuo kikuu kinachokusudia kuihudumia jamii hakina budi kuifanya lugha ya jamii hiyo kuwa sehemu ya taaluma yake. Kwa Unyamwezi, wajibu huo unaiangukia kwanza taaluma ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo yenye deni.

Chimbuko la deni

Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Njia ya kutoka Pwani hadi Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi, na miongoni mwao Wanyamwezi ndio waliokuwa mashuhuri kuliko wote. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Kiswahili kililetwa bara na watu wa Pwani peke yao. Wanyamwezi walikwenda Pwani, wakakisikia, wakakitumia, wakarudi nacho. Walikuwa wabebaji wa lugha kama walivyokuwa wabebaji wa pembe.

Hata nathari ya Kiswahili ina mizizi katika njia hiyo. Maisha ya Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, hayawezi kueleweka bila Tabora. Baba yake alikuwa mkaazi wa huko, na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira.

Deni la pili ni la kiisimu. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na muda si mrefu akatoa mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kinyamwezi cha Unyanyembe. Mwanzoni, basi, lugha hizi mbili zilichunguzwa kwa pamoja. Mwaka 1903 Carl Meinhof aliipa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian, kanuni ya sauti iliyobainishwa katika Kinyamwezi. Mwanafunzi wa isimu ya Kibantu huijua kama Kanuni ya Dahl: kipasuo kisoghuna hugeuka kuwa ghuna silabi inayofuata inapoanza na kisoghuna. Ndiyo sababu Kiswahili kina mzizi -tatu na Kinyamwezi kina -datu. Aidha, Kinyamwezi kina irabu saba na toni, ilhali Kiswahili kina irabu tano na kimepoteza toni. Anayetaka kueleza Kiswahili kimepoteza nini hana budi kurejea kwa ndugu zake waliohifadhi.

Hali ya sasa

Mtoto wa Sikonge au Uyui aliyelelewa kwa Kinyamwezi hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha kwa Kiingereza kuanzia sekondari. Akifika chuo kikuu, somo la Kiswahili ndilo hasa linalofundishwa kwa Kiswahili. Lugha ya kwanza aliyoifikiria dunia kwayo haikutani naye tena darasani.

Taasisi za elimu ya juu si ngeni Tabora. Kanisa Katoliki lilianzisha Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kwa upande wa umma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huwafikia wanafunzi kupitia vituo vya mikoa. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021, nao umekusudia kusogeza kampasi za vyuo vya umma mikoani, ikiwamo Kigoma, mwisho wa njia ile ile ya misafara.

Nchini India, sheria ya mwaka 2007 ilianzisha huko Amarkantak chuo kikuu cha taifa kwa ajili ya jamii za makabila, kilichopewa jina la Indira Gandhi. Huko jamii yenyewe, pamoja na sanaa, mila na lugha zake, iliwekwa katika malengo ya chuo. Tanzania haihitaji kuiga muundo wa chuo cha makabila; historia yake ni nyingine. Swali lililoulizwa huko ndilo linalofaa kuazimwa.

Hofu ya ukabila

Wapo watakaosema kwamba kuzipa lugha za jamii nafasi chuoni ni kufufua ukabila. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa sababu umoja uliojengwa kwa Kiswahili ni tunu. Hata hivyo, kuitafiti lugha si kuipa utawala. Maganga na Schadeberg walipochapisha sarufi, matini na msamiati wa Kinyamwezi mwaka 1992, na Mradi wa Lugha za Tanzania ulipoanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, umoja wa taifa haukutikisika. Kinyamwezi hakitoweki kesho. Kina wasemaji wengi. Kinachopungua ni nyanja zake: istilahi za kurina asali katika miombo, majina ya miti, lugha ya baraza la mtemi, nyimbo za Waswezi.

Hitimisho

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili walioko Tabora, kuanzia Cheyo hadi vijiji vya Urambo, wafanye tasnifu zao juu ya msamiati wa nyanja hizo. Pili, somo la isimu linganishi lifundishwe kwa Kiswahili, likitumia Kinyamwezi kama data. Tatu, nakala za rekodi zote zibaki Tabora, ili wazee waliozitoa waweze kuzisikiliza na wajukuu wao waweze kuzisahihisha. Deni hulipwa kwa mdai, nyumbani kwake.