Mahali pa Kuchezea Watoto Nyuma ya Nyumba

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kibondo



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, vyeo, uhamisho na akiba ya uzeeni. Hayo ni mambo makubwa, wala hatuyadharau. Walakini leo twaomba ruhusa kuleta jambo lisiloonekana mara nyingi katika orodha ya mazungumzo yetu, nalo ni mahali pa kuchezea watoto. Kiangazi kilichopita sisi, yaani baba, mama na watoto watatu, tulitengeneza viwanja viwili vidogo vya michezo: cha kwanza nyumbani kwa wazee wetu Kasulu wakati wa likizo, na cha pili nyuma ya nyumba ya kazi hapa Kibondo. Wenzetu wengi wamekuja kuuliza namna vilivyotengenezwa. Basi yafaa tuwaeleze wote pamoja.

Kwanza, sababu. Zamani mtoto wa Buha hakuhitaji kutengenezewa uwanja. Alikuwa na vilima na mabonde, alichunga mbuzi pamoja na wenzake, na jioni walicheza mbele ya nyumba huku wazee wakiwatazama. Leo katika miji yetu nyumba zimesongamana, na barabarani pikipiki na malori hayana subira. Mtoto wa karani hana budi kuchagua mawili: akae ndani akitazama runinga, au atoke akacheze kando ya njia ya magari. Sisi wazazi twafurahi akikaa ndani, maana hatuna hofu naye. Lakini mtoto asiyekimbia wala kupanda wala kuanguka na kuinuka mwenyewe, atajuaje nguvu zake?

Wako wasemao kwamba kucheza ni kupoteza wakati wa masomo. Twawaomba waketi kitako wakawatazame watoto wawili wanaocheza bao. Bao letu lina safu nne, na kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete zake 64. Mtoto akishika kete mkononi huhesabu kabla ya kuzitia, akapima zitaishia wapi, akafikiri mwenzake atajibu nini. Hiyo ni hesabu, na tena ni adabu, kwa kuwa hujifunza kungoja zamu yake na kushindwa bila kugombana. Serikali nayo imelikubali jambo hili. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 cha mkataba huo chasema wazi kuwa mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, yataja mapumziko pamoja na uhai, heshima, afya, elimu na makazi. Sisi tunaotunza mafaili ya sheria hizo ofisini hatupaswi kuwa wa mwisho kuzitimiza nyumbani.

Iko sababu ya pili, nayo yatoka katika historia ya nchi hii. Wakati wa utawala wa Waingereza, wanaume wa Buha walikwenda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya katani, mbali upande wa Tanga na kwingineko. Watoto wao walilelewa na mama na bibi, na wengine walimwona baba kama mgeni arudiye na mzigo. Sisi hatuendi kukata katani, lakini uhamisho na safari za kazi hutufanya wageni vilevile. Tulitaka kiangazi kimoja watoto wetu watuone tukitoka jasho pamoja nao.

Sasa twaeleza kazi ilivyoanza. Jioni moja kabla ya likizo tulikaa sote kufanya shauri, na kila mtu alipewa ruhusa ya kusema. Mvulana wetu wa miaka tisa alitaka pembea. Mdogo wao alitaka mchanga. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alinyamaza. Alipoulizwa, alijibu hivi: "Mahali tutapapata, lakini saa ya kucheza mimi nitaipata wapi?" Ndugu zetu, maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko miti yote tuliyoichimbia baadaye. Asubuhi binti huteka maji. Akirudi shule huosha vyombo. Jioni, wakati wenziwe wanapocheza, humshika mdogo wake. Nani kati yetu asiyejua nyumba ya namna hiyo? Tukijenga pembea nzuri na binti akaitazama akiwa amembeba mtoto mgongoni, tumemjengea nini?

Basi kabla ya kununua kamba tulichukua karatasi tukapanga zamu, kama zamu za ofisini, na kuibandika ukutani. Mvulana alipewa ndoo ndogo mbili na zamu yake ya vyombo. Baba alipewa kumshika mdogo tangu saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni, akisharudi kazini. Mvulana alinung'unika kuwa kuteka maji ni kazi ya wasichana. Mama yake akamjibu, "Ndoo haijui msichana wala mvulana." Majirani nao walicheka kumwona mtu wa ofisi amebeba mtoto begani saa ya watu kutembea mjini. Tuliwaacha wacheke, na karatasi ile ingali ukutani hata leo.

Tulianza Kasulu mwezi wa Juni, mvua zilipokuwa zimekwisha na maharage yamevunwa, maana ndio wakati wa Waha kujenga na kuchoma matofali. Babu hakupendezwa upesi. Mahali tulipopataka palikuwa pa kupandia, naye alisema kuwa ardhi ilishayo watu haichezewi. Maneno yake yalikuwa ya haki, nasi hatukushindana naye. Yeye mwenyewe alituonyesha kipande kando ya migomba, ambapo mwamba u karibu na jembe halipati kitu. Tangu siku hiyo akawa msimamizi wetu. Alichagua miti mitano ya mkaratusi, minne ya miguu na mmoja wa kulala juu, akatufundisha kuchoma ncha kwa moto kabla ya kuzifukia ili mchwa wasizile upesi. Bibi naye aliwafundisha watoto kusokota kamba za migomba na kufunga mpira wa matambara, akawaonyesha michezo ya utoto wake. Binti yetu, aliyejifunza Kiswahili mjini, alirudi Kibondo na maneno mengi ya Kiha ambayo hatukumfundisha sisi.

Hapo Kasulu tuliuliza kama yafaa kuzungusha ua, kwa kuwa watoto wa jirani walianza kuja. Bibi alituuliza, "Ua huu ni wa nini? Mnafuga nani?" Hatukuuliza tena.

Mwezi wa Agosti tulianza kazi hapa Kibondo kwa Jumamosi nne. Hapa shida ilikuwa nyingine. Nyumba si yetu, ni ya Serikali. Mwenzetu mmoja alitushauri kwa mapenzi mema tusijisumbue, kwa sababu barua ya uhamisho yaweza kuja wakati wo wote, na atakayefaidi ni mwingine. Tulimwonyesha mwembe ulio nyuma ya nyumba. Aliyeupanda hatumjui, naye hakutujua. Pengine alihamishwa kabla hajala embe hata moja. Kivuli chake ndicho kinachotufaa leo. Hata hivyo tuliandika barua ofisini kuomba ruhusa ya kuchimba, tukapata jibu jema, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo kwanza.

Kwa faida ya wenye kutaka kujenga, haya ndiyo tuliyoyafuata.

Mahali. Mama ndiye aliyechagua, naye alitaka paonekane kutoka jikoni, pawe mbali na choo, kisima na moto wa kupikia. Nyasi za pembeni tulizifyeka kwa hofu ya nyoka, tukaokota vigae na misumari.

Pembea. Miguu ilifukiwa futi tatu na kushindiliwa kwa mawe. Mbao ya kukalia iko juu ya ardhi futi moja na nusu. Kamba ni ya katani, zao lile lile lililowachukua babu zetu. Baba aliketi kwanza kuijaribu, kisha watoto. Chini tulimwaga unga wa mbao tuliopewa na maseremala, ili aangukaye asiumie. Kamba hukaguliwa kila Jumamosi, na masika hufunguliwa ikawekwa ndani, maana maji huiozesha.

Mchanga. Shimo lina futi sita kila upande na kina cha futi moja, limezungushwa matofali. Mchanga ulitoka kijitoni, ukachekechwa. Usiku hufunikwa kwa mkeka, la sivyo paka na kuku hulifanya choo chao.

Matairi mabovu. Yamefukiwa nusu, yakapangwa mstari kwa kuruka. Kila moja tulilitoboa ili maji ya mvua yasituame yakazaa mbu.

Vumbi. Kiangazi huleta funza. Uwanja hunyunyizwa maji na kufagiwa, na miguu ya watoto hutazamwa wakati wa kuoga.

Fedha tuliyotoa ilikuwa ya kamba, misumari na mbao moja. Vingine vyote vilikuwa jasho na hisani ya majirani.

Msidhani kuwa jambo hili ni dogo kwa sababu vitu vyake ni hafifu. Mwaka 1943, nchi ya Denmaki ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, mtaalamu wa bustani aitwaye C. Th. Sørensen aliona kuwa watoto hupenda kucheza penye ujenzi kuliko kwenye viwanja vilivyopambwa. Akawapatia watoto wa Emdrup, katika mji wa Copenhagen, uwanja wenye mbao chakavu na vitu vilivyotupwa, wajenge wenyewe. Baada ya vita Waingereza waliiga, wakafanya vivyo hivyo mahali palipobomolewa kwa mabomu. Na hapa kwetu, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, mashirika ya kuhudumia watoto yaliona haja ya kuwatengea mahali pa kuchezea. Kama mtoto aliyekimbia vita ahitaji mchezo pamoja na chakula na dawa, wetu aliye salama ataukosa kwa sababu gani?

Mwisho, twaleta ombi moja. Wanachama wa tawi hili huhamishwa, lakini nyumba hubaki. Twaomba kila familia iongeze kitu kimoja nyuma ya nyumba yake kila kiangazi, hata kama ni mashimo 32 ya bao ardhini, na ihamapo ikiachie familia ijayo katika hali njema. Twaomba pia, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, muwaulize binti zenu saa yao ya kucheza ni ipi.

Jioni hizi watoto kumi na zaidi huja chini ya mwembe ule, wa makarani, wa wakulima na wa madereva. Karibuni mje muone, na wanenu mje nao.