FFU, AIDS na UK

Nitasema machache, pilau haitapoa.

Jumapili moja tulikuwa kwenye simu na mama yangu, Dar es Salaam. Wanangu wakawa wanagombania chaja. Mama akafoka: "Nyamazeni, nisije nikawaletea FFU!" Mwanangu mkubwa, ana miaka 14, akaniuliza FFU ni nini. Nikamjibu bila kufikiri: "Fanya Fujo Uone." Akaniuliza tena, "Polisi wenyewe ndio walijiita hivyo?"

Hapana, mwanangu. Serikali ilisema Field Force Unit, kikosi cha kutuliza ghasia. Kiingereza hicho wengi hatukukijua, lakini virungu tulivijua. Herufi zikabaki tatu zilezile, maana akatia mwananchi. Wako watu wazima ambao mpaka leo wanaamini hilo ndilo jina halisi, na sioni sababu ya kuwasahihisha.

Hatukuanza sisi. Babu zetu walioingizwa King's African Rifles walipewa herufi KAR, wakazitamka Keya, na Keya likawa neno la Kiswahili. Chama cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, na CCM ikapata tafsiri yake ya mtaani: Chukua Chako Mapema. Naona Mwenyekiti ananitazama. Mwenyekiti, hata wenye kadi wanacheka, tena wao ndio wanacheka zaidi.

Sasa iko moja ambayo sikuweza kumweleza mwanangu siku ile.

Ugonjwa ulipoingia nchini, wagonjwa wa kwanza walionekana Kagera mwaka 1983. Tukaambiwa kwa Kiingereza unaitwa AIDS. Baadaye ukapata jina letu, UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Lakini vijiweni AIDS ilishatafsiriwa: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Dogodogo ni wasichana wadogo. Kaka yangu alikuwa bingwa wa kuisema hiyo. Akiisema pale kwetu barazani, hata mama alikuwa anageuka pembeni afiche kicheko. Nilicheka na mimi. Tulikuwa tunaogopa sana, na mtu anayeogopa hucheka kwa sauti kubwa.

Kaka alifariki mwaka 1996. Msibani ikasemwa ameugua kwa muda mrefu, basi. Hakuna aliyetamka zile herufi nne, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, na mimi nikasafiri nazo mpaka Uingereza. Wanangu wameiona picha ya mjomba wao sebuleni miaka yote. Wakiuliza, nilisema: aliugua muda mrefu.

Baada ya ile simu, mwanangu akataka nyingine kama FFU. Nikampa ya CCM. Akataka nyingine. Nikaitazama ile picha, nikazima televisheni, nikampa ya mjomba wake, pamoja na tafsiri, pamoja na kilichomuua. Hakucheka. Aliuliza kama mjomba alikuwa mcheshi. Nikamwambia sana, tena sana, na tukakaa mpaka saa sita usiku nikimsimulia vituko vyake. Nilikuwa sijavisimulia kwa Kiswahili kwa mtu yeyote tangu nije huku.

Wiki iliyofuata nilirudi kazini usiku, miguu imevimba. Ninyi mnaolea wazee wa watu kwa zamu mnaijua hali hiyo. Nikatoa mkate kwenye friji, nikasema kama ninavyosema kila siku: "Ugali kesho." Mwanangu, ambaye Kiswahili chake mnakijua, akasema, "Mama, nimejua maana ya UK."

"Nini?"

"Ugali Kesho."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jumapili tukampigia bibi yake, akamwambia mwenyewe. Mama alicheka akakohoa, akacheka tena. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwani leo mmekula nini?"