Sumaku Haibani Mafuta

Kila mwanzo wa mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo ya mafuta, dereva wa Mtwara hutafuta nafuu popote, hata kwenye vifaa vya "kubana mafuta". Msikilizaji, shika fedha yako. Sumaku inayofungwa kwenye mpira wa mafuta haiibadilishi petroli. Kifaa cha kutoa haidrojeni kwenye maji hula umeme wa altaneta, nayo altaneta huzungushwa na injini inayochoma mafuta yaleyale. Kinachorudi ni pungufu ya kilichotumika. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, imepima vifaa zaidi ya 100, na vingi havikufaa kitu. Jaza matairi upepo, punguza mwendo. Nafuu kubwa zaidi ni gesi asilia, na hapa Mtwara tunayo, Mnazi Bay: vituo vya kujazia magari gesi viongezwe.